Kiti Kilichogawiwa Karata

Handeni, 22 Juni 2023

Kwako Dada Ritha,

Salamu nyingi. Hatufahamiani. Jina lako nimelipata kwa Siamanta, yule mama wa Kimasai anayeuza dawa za miti pale Segera. Kaniambia wewe ndiye unayegawa karata kwa Mwinjuma, kwenye ukumbi wa hukohuko Segera, ulio nyuma ya nyumba ya wageni. Mimi naitwa Namelok. Ni mke wa Koisaba, ambaye nadhani unamjua kuliko unavyonijua mimi.

Jumamosi iliyopita walikuja watu wawili na gari dogo la mizigo. Wakashusha mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni, wakasema ni zawadi ya mume wangu. Ameshika nafasi ya tatu katika mashindano ya karata, na watatu wa kwanza kila mmoja anapata mtamba. Kisha mmoja akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi, aje atie sahihi?" Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo nimuulize hilohilo.

Dada, mume wangu aliondoka hapa asubuhi ya Jumapili ile ya mashindano na hajarudi mpaka leo. Shemeji yangu Keriako amekwenda polisi, amekwenda hospitali, amezunguka minadani. Hakuna aliyemwona. Sasa naambiwa amecheza mpaka wa tatu. Wale watu nilipowabana walitazamana, wakasema, "Mama, sisi tumetumwa ng'ombe tu."

Mama mkwe wangu hataki mtamba huyo aingie zizini. Tumemfunga nje, penye ua wa miiba, na usiku kucha analia. Ng'ombe wetu nao hawalali, wanamsikiliza.

Naomba uniambie nani alimchezea mume wangu. Usinipigie. Simu ya boma anakaa nayo Keriako, na mtandao hapa unapatikana juu ya kichuguu tu. Mpe Siamanta karatasi, itanifikia.

Ni mimi,
Namelok


Korogwe, Manundu, 1 Julai 2023

Mpendwa Dada Namelok,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenitoa usingizi. Sisi tulidhani Koisaba alirudi nyumbani. Mwinjuma alisema, "Wamasai ndivyo walivyo, akikumbuka ng'ombe wake ananyanyuka." Watu wakacheka, tukaendelea. Pole sana.

Umeuliza nani alimchezea. Hakuna. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana bila kuujua mchezo utaniona mwongo.

Kila anayeingia anapewa chipu zake, vile vibati vya rangi tunavyochezea. Mchezo una nusu mbili. Nusu ya kwanza, aliyeishiwa chipu anaweza kulipa tena na kuketi palepale. Tunaita kurudi. Wapo wanaorudi mara nyingi mpaka wanauza saa. Kisha yanakuja mapumziko, na hapo kila aliye mezani anaruhusiwa kununua fungu moja la chipu juu ya zile alizonazo. Hiyo ndiyo nyongeza. Baada ya hapo mlango umefungwa. Ukiishiwa, unasimama na kwenda zako.

Koisaba alikuja mapumzikoni akiwa na chipu za wastani. Akanunua nyongeza, akazipanga vizuri kwa rangi, akatoka nje. Hakurudi. Sasa sheria yetu inasema mtu asipokuwepo, kiti chake kinaendelea. Nakigawia karata kama viti vingine, zamu yake ikifika nazitupa zikiwa zimefunikwa. Na kila mzunguko natoa kwenye fungu lake ile kodi ambayo kila kiti hulipa. Hivyo chipu zake zilikuwa zinapungua kidogokidogo, kama maji ya mtungi uliopata ufa.

Utasema, sasa kiti kitupu kinashindaje? Dada, wanapopigana wawili mmoja akaanguka, wote waliokaa kimya wamepanda ngazi. Tulipobaki watano, kila mtu alikuwa anakitazama kiti kile. Bonaventura alikuwa na chipu chache, lakini za kiti zilikuwa chache zaidi. Alichotakiwa ni kungoja tu. Akashindwa kungoja. Alisema hawezi kukaa anashindana na mtu asiyeonekana. Akasukuma zote mbele ya Lukasi, mwenye fungu kubwa kuliko wote, akaanguka. Aliyemfuata naye hivyohivyo. Kiti kikabaki cha tatu kikiwa na chipu za kulipa kodi mara moja.

Nimegawa karata miaka mingi. Siku ile nilikuwa nikipoteza hesabu kila nilipofika pale.

Wako,
Ritha


Handeni, 16 Julai 2023

Dada Ritha,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nashukuru kwamba umeliandika jina lake. Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi tena, na Keriako ameanza kusema "yule" badala ya Koisaba. Hajasema amekufa, amebadilisha neno tu. Nikaanza kuogopa kwamba siku moja nitajikuta nami nimesema "yule". Kwa hiyo endelea kuliandika.

Wazee wanataka tumlilie. Tukishamlilia nitanyoa nywele, watoto watanyolewa, na jambo litakuwa limekwisha. Keriako si mtu mbaya. Amechoka. Ana zizi lake na sasa ana letu, na jana alinikalisha akaniambia, "Mke wa ndugu yangu, kumngoja mtu bila kujua ni ugonjwa." Nikamwambia bado. Akaondoka bila kubisha.

Lakini mama mkwe anasema mwanawe yu hai, kwa kuwa anamsikia. Adhuhuri, ng'ombe wakiwa kisimani, anasikia mluzi wake. Kila mchungaji ana wake, na wa mume wangu ulikuwa unapanda kisha unakatika, kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilidhani ni uzee. Wiki iliyopita nilikuwa pale kisimani na binti yangu Ruthi tukinywesha. Sikusikia kitu. Ila ng'ombe wote waliinua vichwa kwa pamoja wakatazama upande wa barabara, maji yakiwadondoka midomoni, wakakaa hivyo muda mrefu. Ruthi akaniuliza, "Yeyo, wanamwona nani?"

Sasa nisaidie hapa. Mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Unasema alinunua nyongeza kisha akatoka. Nani ananunua majani ya ng'ombe ambaye hataki kumfuga? Kama alikusudia kurudi mezani, basi alipatwa na jambo hapo nje. Kama hakukusudia, alinunua ya nini?

Alipotoka alisema nini? Wewe ulikuwepo. Barua yako ilipita hapo haraka.

Namelok


Korogwe, 2 Agosti 2023

Dada Namelok,

Ni kweli nilipita haraka. Nilidhani nikikueleza utaumia bure, na mimi si ndugu yako kusema nikuumize nikufute machozi. Lakini umeuliza.

Kwanza ujue alikuwa mchezaji wa namna gani. Wengine wakipoteza wanarudi kwa hasira, pesa ya kurudi inatoka mfukoni kabla makalio hayajanyanyuka. Yeye nilimwona akirudi mara moja tu. Nikamtania, "Leo na wewe umeumia?" Akasema, "Mtu anarudi kwa sababu meza bado ni nzuri. Harudi kwa sababu ameumia." Na siku nyingine Lukasi alimcheka kwa kutupa karata nzuri, akamjibu, "Mwenye ng'ombe mmoja akipoteza mmoja, amekwisha. Mwenye mia akipata mmoja, hata hajui kama amempata. Wewe una mia, mimi nina mmoja. Usinifundishe." Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nilikuwa sijawahi kuelezwa thamani ya chipu kwa maneno machache hivyo.

Sasa siku ile. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Nilikuwa nahesabu seti za karata. Akaja akasimama upande wa pili wa meza. Akaniuliza, "Dada, mtu akiondoka, kiti chake kinagawiwa?" Nikasema, kinagawiwa mpaka chipu ziishe. Akauliza, "Na akiweka nyongeza?" Nikamwambia zitakaa mara mbili ya muda huo, labda zaidi, maana wengine watakuwa wanatoana. Akafikiri. Akauliza, "Na zawadi ikipatikana, mwenyewe hayupo?" Nikasema Mwinjuma ana mabaya yake lakini zawadi ya mtu huifikisha kwake. Akasema, "Vizuri." Akanunua. Nilipomwona anatoka nilijua harudi.

Mwinjuma alipouliza yuko wapi nilisema yuko msalani.

Dada, nimelifikiria kila usiku. Nadhani alikuwa na mahali pa kwenda. Wanaume huwa na mahali. Labda kuna mwanamke, labda kuna machimbo. Aliweka zile chipu ili asikuache mikono mitupu. Nisamehe kwa kuandika hivi. Ila ukimngoja, ujue unamngoja mtu aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na akili zake.

Tangu siku ile hakuna anayekaa kwenye kiti kile. Mwinjuma amekitoa mezani, amekiweka ukutani. Bado mkono wangu unakwenda upande ule.

Ritha


Handeni, 27 Agosti 2023

Dada Ritha,

Sikukujibu upesi kwa kuwa nilikasirika. Sikukukasirikia wewe. Nilimkasirikia yeye kwa huyo mwanamke uliyemtia katika barua, nikalala naye huyo mwanamke kichwani siku kadhaa, nikampa sura, nikampa nyumba ya bati. Kisha asubuhi moja nikiwa nakamua niliacha kukamua.

Nikusimulie. Mume wangu alikuwa na mdogo wake, mwanamume wa tatu wa mama mkwe. Alitangulia mbele za haki mwaka juzi, kwa hiyo jina lake sitaliandika. Aliumwa kifua. Alikohoa, akakonda, tukampeleka Handeni, tukampeleka Tanga, tukampeleka Dar es Salaam. Walisema ni uvimbe. Kila safari tuliuza ng'ombe. Alikuwa akirudi na nafuu ya siku chache, tunashukuru, kisha anaanguka, tunauza tena. Koisaba ndiye aliyekuwa anachagua wa kuuza. Mwishoni alikuwa anawachagua bila kuwatazama. Yule ndugu akafa hivyohivyo, na zizi lililokuwa halina nafasi ya kukanyaga likawa unaweza kulivuka bila kuguswa na mkia.

Baada ya mazishi mume wangu aliniambia neno nililodhani ni uchungu tu. Alisema, "Tulikuwa tunalipa arudi mezani, na meza ilikuwa imeshafungwa." Sikumwelewa. Sasa namwelewa kwa sababu ya barua zako.

Niambie kitu kimoja tu. Alikuwa anakohoa?

Namelok


Korogwe, 9 Septemba 2023

Dada Namelok,

Alikuwa anakohoa. Alikuwa akienda nje, anakohoa kwenye kona ya shuka, anaikunja ile kona kwa ndani. Nilidhani ni vumbi la barabara. Alikuwa amekonda pia, nikadhani ndivyo mlivyo.

Nimeelewa unachofikiri. Futa yale niliyoandika kuhusu mwanamke. Nitamtafuta. Siku za kazi mimi ni fundi cherehani hapa Manundu, wateja wangu ni wa kila upande, na madereva nawashonea sare. Ninakuomba usinyoe bado.

Ritha


Korogwe, 14 Januari 2024

Dada Namelok,

Heri ya mwaka mpya, ingawa sina heri ya kukuletea.

Nimetafuta kama nilivyoahidi. Nilianza Segera. Muuza maji mmoja alimkumbuka mwanamume wa Kimasai aliyevuka barabara Jumapili ile, akapanda gari la kuja Korogwe wala si la kwenda Handeni. Hapo nikafurahi. Lakini Korogwe hakuna aliyemjua. Nikapanda mlimani mpaka kijiji cha Mpale, maana babu yangu aliacha ndugu kule baada ya kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Hawajamwona. Nikauliza hospitali jina la Koisaba. Halipo.

Sadala, dereva wa basi la Mashewa, aliniambia kuna Mmasai alikuwa akichunga mbuzi wa mzee mmoja kule. Nikaenda naye Jumapili. Mzee anaitwa Fabiani, mtu wa pole sana, anaishi na mkewe, watoto wao wote wako mjini. Akasema ni kweli walikuwa na mchungaji, alikuja kwao katikati ya mwaka akiomba kazi ya kulala na kula tu. Alikuwa mgonjwa. Alifariki Novemba, wakamzika kwenye kiwanja chao, kwa kuwa alisema hana ndugu. Nikashika moyo. Nikauliza jina. Akasema, "Nkoitiko." Wakaniletea mpaka kadi yake ya zahanati, imeandikwa hivyo, Nkoitiko. Basi si yeye. Nimemwombea huyo marehemu wa watu, nikarudi.

Nasikitika nimechukua muda mrefu kukuletea jibu la hakuna. Nitaendelea kuuliza upande wa Lushoto.

Ritha


Handeni, 21 Januari 2024

Dada Ritha,

Usiende Lushoto. Nkoitiko ni jina la mdogo wake, yule tuliyemzika. Halijatamkwa katika boma hili tangu siku ile, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angelitafuta.

Nakuja Jumatano. Ningoje stendi.

Namelok


Handeni, 18 Februari 2024

Dada Ritha,

Nilikuacha uondoke na Sadala bila kukuaga vizuri. Uliponiona nimekaa chini pale kwenye udongo ukanishika bega, nilitaka kukwambia asante, mdomo haukufunguka. Asante. Ulipokwenda nilibaki kwa mzee Fabiani mpaka Jumapili, na mengine niliyoambiwa hukuyasikia.

Mkewe alikuwa na maharage shambani na hakuna wa kumsaidia, basi tulivuna pamoja. Nilipokuwa na kazi mikononi ndipo nikaweza kuuliza. Nikamuuliza, "Mama, aliwahi kututaja?" Akasema hapana. Akasema alikuwa mpole, alikuwa anakula kidogo, na jioni alikuwa akiwapigia mbuzi mluzi mpaka walipomzoea. Nikamuuliza mluzi wa namna gani. Akajaribu, akashindwa, akasema, "Unapanda, halafu kama unasahaulika."

Mzee Fabiani alihangaika naye. Alimlazimisha kwenda zahanati, yeye hataki, anasema, "Mzee, ugonjwa huu naujua, ulimaliza nyumba yetu. Usipoteze mbuzi wako." Alipozidiwa ndipo akabebwa bila ridhaa yake. Wakampima makohozi. Dada Ritha, haukuwa ule uvimbe wa mdogo wake. Ilikuwa kifua kikuu. Mganga aliwaambia dawa zipo hapohapo zahanati na zinatolewa bure, miezi sita mtu anapona, lakini huyu mwili wake ulikuwa umekwisha. Wakamwanzishia. Hakufikisha hata wiki mbili.

Nikauliza kama yeye mwenyewe aliambiwa. Mzee akasema, "Aliambiwa. Mimi nilikuwepo. Alimwomba mganga arudie. Mganga akarudia. Akageukia ukutani."

Umenifundisha mchezo wenu, kwa hiyo sikiliza hesabu yangu. Watu wote wanamsifu mume wangu kwamba alijua kungoja, alijua kutupa karata. Hii aliitupa bila kuifunua. Aliona mgongo wake tu, akaona unafanana na ule wa karata ya mdogo wake, akasema naijua. Na hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia uza wote, tutakunywa uji, tutachunga ng'ombe wa watu. Ningemfungasha kwa nguvu mpaka Handeni hospitali, na jioni ile ile tungerudi na dawa na ng'ombe wetu wote wakiwepo. Alikaa akanihesabia mimi na watoto maisha yetu kama chipu, akatupangia kwa rangi, akatoka nje. Nilimwambia hayo pale kaburini, kwa sauti. Mzee Fabiani alisikia, akaenda mbali kidogo akijifanya anatazama uzio.

Nilipomaliza nilitaka kumwita kwa jina mara ya mwisho. Nikaliita.

Keriako nilimweleza peke yake, jikoni kwangu. Alikaa na simu mkononi, anaizungusha tu. Akasema, "Niliuliza hospitali zote jina lake." Nikamwambia hata Ritha aliuliza hilohilo. Akalia, na sijawahi kumwona analia. Mama mkwe tulimwambia pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mahali pale pana malisho. Nikasema pana malisho mazuri, kijani kote. Akasema basi, na akainama nimnyoe. Tumenyoa wote.

Hasikii mluzi tena. Mimi ndiye ninayeusikia. Adhuhuri, penye maji, unapanda, unakatika. Sijamwambia mtu.

Namelok


Korogwe, 3 Machi 2024

Dada Namelok,

Nimesoma, nikafunga cherehani, nikakaa.

Nimefikiri sana yale maswali yake matatu siku ile. Nilimjibu kama mtu anayeulizwa sheria. Alikuwa ananiuliza kama watu wake wataishi akiondoka, nami nikamwambia ndiyo, mara mbili ya muda. Sikujua. Lakini nalala nalo.

Kuna jambo ambalo mzee Fabiani alimwambia Sadala anifikishie, nikakuona katika hali ile nikashindwa kukuambia. Baada ya msiba watu wa zahanati walikuja wakawapima yeye na mkewe, kwa kuwa ugonjwa huo unaambukiza walio nyumba moja. Wao wako salama. Wewe na watoto mliishi naye ndani kabla hajaondoka, na alikuwa ameshaanza kukohoa. Mmepimwa?

Usinijibu kwa barua. Nenda kwanza.

Ritha


Handeni, 12 Mei 2024

Dada Ritha,

Nilikwenda siku ileile barua ilipofika. Keriako alitupakia kwenye pikipiki, mimi na mama mkwe safari moja, watoto safari ya pili. Tulikuwa wengi pale benchi hata muuguzi akauliza kama tumekuja harusini.

Mimi mzima. Mama mkwe mzima. Wavulana wazima. Ruthi anao.

Waliponiambia sikusikia kitu masikioni. Nilikuwa namtazama Ruthi, miaka yake kumi, ameketi anachezea shanga, na nilijiuliza ni lini nilisikia anakohoa nikadhani ni moshi. Keriako alikuwa mlangoni. Akaanza palepale kutaja, "Tuuze yule mweusi, na yule ndama wa…" anataja kwa sauti ileile tuliyoisikia wakati wa mdogo wao. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Shemeji, nyamaza. Hapa hawauzi." Hakuamini. Akamwendea muuguzi akamuuliza bei. Muuguzi akasema hakuna bei. Akamuuliza tena. Kisha akatoka akakaa juu ya pikipiki yake na kuinamia usukani.

Nilimwambia Ruthi kila kitu, hata yale ambayo watu wangesema ni mtoto mdogo mno kuambiwa. Nilimwambia baba yake alikuwa na ugonjwa huu na hakujua kwamba unatibika. Akauliza, "Kwa nini hakuuliza?" Nikasema sijui. Akafikiri, akasema, "Mimi nitauliza." Na kweli anauliza. Muuguzi anamkimbia sasa. Anataka kujua kila kidonge kinafanya nini na kinakwenda wapi.

Siku za kwanza alikojoa mkojo mwekundu akapiga kelele, mama mkwe akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Walikuwa wamenieleza kwamba dawa hufanya hivyo, mimi nikasahau kumwambia. Sasa anajivunia. Anawaita watoto wenzake waje waone.

Majuma ya mwanzo alikaa nyumbani, baadaye wakasema hawezi tena kuambukiza mtu, amerudi shule huku anaendelea kumeza. Amenenepa mashavu. Juzi mwalimu alimtuma mtoto kuniita. Nilikimbia njia nzima, nilifika sina pumzi, nimeshamzika na kumlilia njiani. Mwalimu akaniambia Ruthi amempiga mwenzake, mvulana mkubwa kuliko yeye, amemtoa damu ya pua, na haoni haya. Nimlipie daftari lililochanika na nimkanye.

Nilimshika mkono tukatoka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumkanya. Mkono wake ulikuwa na nguvu, dada, ulikuwa wa moto wa jua tu, na alikuwa anavuta twende haraka kwa sababu ana njaa.

Wako,
Namelok